Jirani Yetu Angani: Amri ya Nane na Dini katika Hadithi za Safari za Anga

Utangulizi

Baada ya ibada ya vijana katika usharika mmoja wa Temeke, kijana mmoja aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake la haraka. Yeye na wenzake walikuwa wametazama filamu ya pili ya Dune, iliyotolewa mwaka 2024. Akasema, “Mchungaji, wale watu wa jangwani katika ile sayari, si ndio Waislamu? Na kama ndio, mbona unabii wao umetungwa na watu wengine ili wawatawale?” Wenzake wakacheka. Mmoja akaongeza kwamba amekwisha kuwaambia majirani zake kuwa hata Wazungu sasa wanaonyesha jinsi mahdi anavyotengenezwa. Kicheko kile ndicho kilichonifanya niandike makala hii.

Msomaji aweza kushangaa kuona jarida la theolojia likijadili hadithi za vyombo vya angani. Lakini aina hii ya hadithi, ambayo wataalamu wetu wa lugha huiita bunilizi ya kisayansi, haikuanza mbali na nyumba yetu. Johannes Kepler, mwanafalaki aliyegundua kanuni za mwendo wa sayari, alikuwa Mlutheri aliyesomea theolojia huko Tübingen. Mwaka 1612, katika mji wa Linz, mchungaji wake alimnyima Meza ya Bwana kwa kuwa hakukubali kutia sahihi Fomula ya Konkordia bila masharti. Kepler alitunga hadithi ya safari ya mwezini iitwayo Somnium, yaani Ndoto, ambayo ilichapishwa mwaka 1634, miaka minne baada ya kifo chake. Wengi huihesabu miongoni mwa bunilizi za kwanza za kisayansi. Ndani yake mama wa msimulizi anamwita pepo ajuaye njia ya kwenda mwezini.

Hadithi hiyo ilisomwa kwa nakala za mkono kabla haijachapishwa, na uvumi ukatembea. Mwaka 1615 mama yake Kepler, Katharina, alituhumiwa uchawi katika nchi ya Württemberg, iliyokuwa ya Kilutheri. Alikaa kifungoni zaidi ya mwaka mmoja, akaachiwa mwaka 1621 baada ya mwanawe kumtetea. Kepler mwenyewe aliamini kwamba hadithi yake ilichangia mashtaka yale. Sisi tunaoishi katika nchi ambamo vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi hatuhitaji kuelezwa zaidi. Hadithi ya kubuni iliyosomwa vibaya yaweza kumtia jirani minyororo.

Kipimo cha uhakiki

Uhakiki wa fasihi katika vyuo vyetu mara nyingi umeuliza jambo moja tu: Je, kitabu hiki kinapatana na mafundisho yetu? Swali hilo ni halali, ila halitoshi, kwani kitabu chaweza kupatana nasi na bado kikamdhulumu mtu mwingine. Napendekeza tutumie kipimo kilichomo katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, yaani amri ya nane kwa hesabu yetu Walutheri, ile inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Luther hakuishia kwenye katazo. Anatudai tumtetee jirani, tumseme kwa wema, na mambo yake tuyafasiri kwa upande ulio mzuri. Jirani huyo hakuwekewa sharti la kuwa Mkristo. Yule aswaliye katika msikiti ulio ng'ambo ya barabara yumo ndani ya amri hiyo.

Basi naziuliza hadithi hizi maswali mawili. Je, zimeieleza dini ya mtu kwa namna ambayo mwenyewe angejitambua? Na je, zimempa nafasi ya kusema kwa kinywa chake?

Dune: maneno ya jirani

Riwaya ya Dune ya Mmarekani Frank Herbert ilitoka mwaka 1965. Mambo yake yanatukia maelfu ya miaka baada yetu, katika sayari ya jangwa iitwayo Arrakis. Wenyeji wake, Fremen, ni wazao wa watu waliotangatanga kwa jina la Zensunni, jina linalounganisha Ubudha wa Zen na Usunni. Dola lote lina Biblia moja iliyokusanywa na tume ya watafsiri wa dini mbalimbali. Ukristo, Uislamu na Ubudha havipo tena kama tuvijuavyo. Vimesagwa pamoja, na unga wake ukabaki katika maneno.

Mwishoni mwa kitabu mwandishi ameweka faharasa ya maneno magumu. Msomaji wa Marekani anaihitaji. Mtoto wa Tandika anaihitaji kidogo sana. Jina la mahdi amelisikia, na jihadi pia. Shaitani, ambalo ni jina mojawapo la mnyoo mkubwa wa jangwani, si geni kwake. Lisan al-Gaib ni lisani ya ghaibu, yaani sauti itokayo pasipoonekana. Muad'Dib, jina analolichagua shujaa Paul, lina mzizi mmoja na adabu.

Hapo Mswahili huona jambo ambalo msomaji wa ng'ambo hupita bila kuliona. Kwa wasomaji wa kwanza wa Herbert maneno haya yalikuwa kama viungo katika chakula: yalinukia mbali na ugeni. Kwetu ni maneno ya mtu tunayechota naye maji kwenye bomba moja. Zaidi ya hayo, ni ndugu wa maneno yetu wenyewe. Injili, imani, neema, rehema, dhambi, roho, sadaka, madhabahu, hata mimbari tunayosimama juu yake, yote hayo lugha yetu iliyapata kwa Kiarabu. Kijana anayecheka lisani ya wengine angali akisali kwa maneno ya ukoo ule ule.

Tena kicheko cha vijana wetu kilikosea shabaha. Katika riwaya, unabii wa Fremen ulipandwa zamani na chama cha wanawake kiitwacho Bene Gesserit, kwa kupitia idara yao ya Missionaria Protectiva. Idara hiyo ilitumwa katika sayari za mbali ili kueneza hadithi na ahadi miongoni mwa wenyeji, hata siku mmoja wa wanachama atakapokwama huko apate kuzitumia kwa usalama wake. Ndivyo anavyofanya Jessica, mama yake Paul. Ndugu msomaji, tulitazame jina hilo vizuri. Linaloshitakiwa hapo si Uislamu. Ni umisionari.

Nasi hatuwezi kulijibu shitaka hilo kwa kukunja uso tu. Shirika la misioni lililoleta Ulutheri Dar es Salaam liliundwa Berlin mwaka 1886, na baadhi ya waanzilishi wake walitaka Injili iende bega kwa bega na koloni jipya la Kijerumani. Mmisionari Johann Jakob Greiner alifika mwaka 1887, na kituo cha Kisarawe, katika nchi ya Wazaramo, kilifunguliwa mwaka 1892. Mtu aliyeona bendera na msalaba vikishuka katika meli moja alikuwa na haki ya kuuliza ni kipi kinachokilinda kingine. Jibu letu ni kwamba neno lililopandwa halikubaki mali ya mpandaji. Wazee wa Uzaramo walioendesha ibada wakati wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa kwa sababu ya vita hawakuwa wakitumikia dola la Berlin. Lakini jibu hilo lina nguvu tu tukikubali kwanza kwamba swali lilikuwa la haki.

Herbert ana jambo la kweli la kutuonya. Paul anaona katika maono kwamba vita vya dini vitazuka kwa jina lake, na hawezi kuvizuia. Katika kitabu cha pili, Dune Messiah cha mwaka 1969, waliokufa wanahesabiwa kuwa bilioni 61. Mahali paliponigusa kuliko pote ni pale Paul anapotambua kwamba Stilgar, aliyekuwa rafiki yake, amegeuka kuwa mwenye kumwabudu, na kwamba kwa kugeuka huko amepungua. Mchungaji yeyote ambaye waumini wameanza kumtukuza kuliko inavyostahili anapaswa kuisoma sehemu hiyo.

Hata hivyo, kwa kipimo cha amri ya nane kazi hii ina upungufu mkubwa. Anayeamini hana kinywa. Tunajua wanachokiwaza waliopanda unabii, na tunajua anachokiwaza anayeutumia. Lakini Fremen wa kawaida, yule anayemwomba Mungu mtoto wake apone, hatumsikii. Filamu ya mwaka 2021 ililiepuka neno jihadi, likabaki jambo lenyewe bila jina. Filamu ya mwaka 2024 ilimpa Chani sauti ya kutilia shaka, na hiyo ni hatua njema. Lakini mwenye imani, Stilgar, amefanywa wa kuchekesha. Vijana wa Temeke walicheka mahali walipotayarishiwa kucheka.

Hapa tunaye mwandishi wetu wa kulinganisha naye. Mwaka 1969, mwaka ule ule wa Dune Messiah, Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia yake Kinjeketile, kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Suala ni lile lile: nabii, neno lake, na vita vinavyomshinda. Lakini Kinjeketile si mgeni aliyekuta unabii tayari. Ni mtu wa watu wake, na neno linapomponyoka linampasua moyo. Waumini wake wanabishana, wanaogopa, wanatumaini, na sababu zao zinasikika. Mtu aweza kuikataa imani ya maji huku akitoka katika tamthilia hiyo akimheshimu aliyeiamini. Heshima hiyo ndiyo ninayoikosa katika jangwa la Arrakis.

Blish: jirani mwema asiye na Mungu

Kazi ya pili ni A Case of Conscience ya James Blish, iliyotoka mwaka 1958. Padri Ramon Ruiz-Sanchez, Mjesuiti na mwanabiolojia kutoka Peru, anatumwa pamoja na wenzake watatu katika sayari ya Lithia. Anakuta viumbe wenye akili wasio na uhalifu, wasio na vita, wasio na ugomvi, na wasio na Mungu. Wema wao unamtisha. Anaamua kwamba sayari nzima ni mtego wa Shetani, uliotengenezwa ili kuonyesha kwamba wema hauhitaji neema. Papa anamwonyesha kosa lake: Shetani hawezi kuumba, na kusema anaweza ni uzushi wa kale wa Mani. Padri anasoma sala ya kufukuza pepo, na wakati huo huo Lithia inalipuka kwa sababu ya jaribio la mwanafizikia mmoja. Msomaji anaachwa aamue sababu ni ipi.

Blish hakuwa muumini, lakini amefanya alilolikosa Herbert. Ameitaja dini kwa jina lake, ameipa hoja zake zenye uzito, na ameiacha izungumze kwa kinywa cha mtu anayeiishi. Mkatoliki aweza kubishana na padri huyu, ila hawezi kusema kwamba amefanywa kichekesho.

Kwa Mlutheri, kosa la padri lilianza kabla ya uzushi wa Mani. Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 18, linakiri kwamba mwanadamu ana uwezo fulani wa kutenda haki ya kiraia, yaani haki mbele ya watu, ingawa haki mbele ya Mungu hupatikana kwa Roho Mtakatifu peke yake. Angalikumbuka tofauti hiyo, Ruiz-Sanchez asingalihitaji kumtafuta Shetani nyuma ya kila tendo jema. Angalimshukuru Mungu kwa amani ya Lithia, na bado angalikuwa na Injili ya kuhubiri.

Hili si jambo la sayari za mbali. Ni mara ngapi tumesikia katika mahubiri kwamba uaminifu wa mfanyabiashara Mwislamu ni “ujanja tu”, au kwamba ukarimu wake wa mwezi wa Ramadhani ni “matendo yasiyo na faida”? Mhubiri wa namna hiyo amekwisha kufika Lithia bila kupanda chombo. Anaona wema, na kwa kuwa hautoki kwetu anaogopa.

Kusadikika: dini isiyotajwa

Katika Kiswahili hadithi ya nchi ya angani ni ya zamani kuliko vitabu hivyo viwili. Shaaban Robert, Mwislamu wa Tanga, alichapisha Kusadikika mwaka 1951. Si bunilizi ya kisayansi, kwa kuwa hakuna mashine ndani yake. Lakini nchi yenyewe inaning'inia angani, na wajumbe wake sita wanatumwa pande sita, Ridhaa akienda Mbinguni na Amini akienda Ardhini. Kila mjumbe akirudi na elimu ya manufaa anatupwa gerezani. Karama, anayeshitakiwa na waziri Majivuno kwa kufundisha uanasheria, anajitetea kwa kuwasimulia wajumbe hao mbele ya mfalme, na hatimaye haki inashinda.

Mwandishi huyu Mwislamu amejenga anga ambamo Mkristo hajioni mgeni. Hadithi haisimami juu ya Uislamu wala Ukristo kwa jina. Majina ya watu ni fadhila, na fadhila hizo ni zetu sote. Mwanafunzi wa theolojia akikutana na mshitakiwa aitwaye Karama hawezi kukosa kukumbuka 1 Wakorintho 12, mahali ambapo Biblia yetu inalitumia neno hilo hilo kwa vipawa vya Roho. Vizazi vya wanafunzi wa dini zote vimemsoma Shaaban Robert katika darasa moja, na hilo si jambo dogo katika taifa.

Hata hivyo lazima niseme kinachopungua. Anga la Kusadikika ni safi kwa sababu ibada haikupandishwa huko. Fadhila zimebaki na watu wanaozipata magotini hawaonekani. Mlutheri ataongeza kwamba mahali penye fadhila tupu, sheria imebaki bila Injili: Karama anaokolewa kwa ufasaha wa hoja na usikivu wa mfalme. Katika mwaka 1951, chini ya utawala wa Kiingereza, ukimya huo ulikuwa busara. Ulimlinda jirani asisingiziwe. Lakini kumlinda mtu kwa kutomtaja hakujafika kwenye dai la Luther, ambalo ni kumtaja kwa wema.

Kwa hiyo naziweka kazi hizi tatu kwa mpangilio huu. Kuikopa dini ya jirani kwa ajili ya harufu yake, bila kumpa kinywa, ni duni. Kunyamaza kwa heshima ni bora kuliko hapo. Kuitaja kwa ukweli na kuiacha ijitetee ni bora zaidi. Mtume Paulo huko Athene alizunguka kwanza, akatazama madhabahu zao, akawanukuu washairi wao, ndipo akahubiri (Mdo. 17:22-31). Hakuficha tofauti, na wengine walimdhihaki. Ila hakuna aliyeweza kusema kwamba Paulo hakutazama.

Wale ni sisi

Tuna riwaya nyingine ya Kiswahili ambayo kwa kweli inasafiri angani, nayo ni Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka mwaka 1995. Mkangi alikuwa msomi wa sosholojia kutoka pwani ya Kenya, aliyewekwa kizuizini mwaka 1986. Alikuwa mtu wa pwani ile ile ambako, karibu na Malindi, roketi zilirushwa kutoka kwenye jukwaa la baharini la Waitaliano kuanzia mwaka 1967, na ambako setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Shujaa wake Dzombo, aliyehukumiwa kufa, anapelekwa angani, na badala ya kifo anafikia jamii yenye haki. Riwaya hiyo ni ya siasa kuliko dini. Nimeitaja kwa ajili ya jina la sayari. Ukilitenganisha linasema: wale ni sisi. Sijaona ufafanuzi mfupi zaidi wa amri ya nane.

Zambia nayo ina mfano wake. Mwaka 1964 mwalimu Edward Mukuka Nkoloso alitangaza mpango wa kupeleka watu wa Zambia katika sayari ya Mirihi, na dunia ikamcheka. Wachache hukumbuka kwamba mmisionari alikuwa miongoni mwa wasafiri wake, na kwamba Nkoloso alimwonya asiwalazimishe wenyeji wa Mirihi kuupokea Ukristo ikiwa hawautaki. Aliyechekwa alikuwa na theolojia ya misioni iliyo safi kuliko ya wengi waliofika Afrika kwa meli.

Nimalizie hapa mjini petu. Februari 1998, Mwembechai, Magomeni, malalamiko juu ya mihadhara ya dini yaliishia katika vurugu, na Waislamu walipoteza maisha kwa risasi. Oktoba 2012, Mbagala, ugomvi wa watoto wawili juu ya Kurani uliishia katika kushambuliwa kwa makanisa. Katika mihadhara ile Biblia ilifunguliwa ili kumshinda Mkristo, na baadhi ya wahubiri wetu walifungua Kurani ili kumshinda Mwislamu. Kila upande ulishika maneno ya mwenzake kama Herbert alivyoyashika, ila bila kipaji chake. Hakuna filamu iliyoleta mambo hayo. Lakini vijana wanaotazama filamu hizo ndio wale wale wanaoishi Mbagala na Magomeni, na mzaha walioupata mbele ya kioo wanautoa kwenye baraza la jirani.

Kwa hiyo nashauri mambo mawili. Kwanza, wakufunzi wa somo la dini nyingine katika vyuo vyetu wasione aibu kuziweka kazi hizi mbele ya wanafunzi, kwa kuwa vijana wa sharika zetu wamekwisha kuziona. Pili, mchungaji anayetaka kutumia mfano wa filamu au riwaya inayogusa imani ya wengine ajiulize kama angeweza kuusema mfano huo wakati jirani yake Mwislamu ameketi katika benchi la mbele. Kama hawezi, auache.

Yule kijana nilimjibu juma lililofuata. Nilimweleza habari za Missionaria Protectiva na za Kisarawe, na safari hii hakucheka. Kisha nikamwomba aende kwa yule jirani aliyemwambia maneno ya mahdi, akamwulize yeye mwenyewe anaamini nini, na amsikilize hadi mwisho. Aliniambia kwamba kazi hiyo ni ngumu kuliko kutazama filamu. Nilikubaliana naye.